Gunia limejaa, kilo hazipo

Mwezi uliopita tuliahidi kwamba ukurasa huu utaendelea na habari za usafi wa maji. Mtuwie radhi, maji yatangoja mwezi mmoja. Kuna jambo lilitokea Bujumbura mwezi wa nane, na sisi walimu wa kujitolea tulikuwemo, tena tulikuwemo upande mbaya. Tumeona afadhali tulieleze wenyewe hapa kuliko mlipate kwenye foleni ya bomba likiwa limeongezwa chumvi.

Jambo lenyewe ni hivi. Wamama wawili wa kambi yetu walikuwa Bujumbura mwezi wa tatu, mtoto wa mmoja alikuwa anatibiwa. Walikaa Buyenzi, nyumbani kwa mzee mmoja anayezijua familia zao tangu wakati wa Uvira. Mnajua kwamba mwezi wa tatu mahindi ya msimu wa kwanza yamekwisha kuvunwa, yamejaa sokoni na bei imelegea. Basi wale wamama wakaunganisha faranga walizokuwa wameweka kidogo kidogo kwa kuuza ndagala, wakanunua gunia moja la mahindi ya punje. Likapimwa mbele yao, kilo 50. Likashonwa mdomo, na mama mmoja akafunga fundo lake mwenyewe kwa uzi wa bluu, kwa sababu mali ya watu wawili inataka alama. Gunia likabaki kwenye pembe ya chumba cha yule mzee. Mpango ulikuwa kulichukua kabla ya mwezi wa kumi, ule wakati mbegu ziko ardhini, sahani ziko tupu na bei imepanda juu.

Mwezi wa nane walimu wanne tulishuka Bujumbura kwa mafunzo ya wiki moja. Wale wamama nao walikuwa na karatasi ya ruhusa, tukasafiri pamoja. Sisi ndio tulibeba gunia mpaka soko la Ruvumera, palepale Buyenzi, ili lipimwe kabla ya kupakiwa kwenye gari. Mizani ikasema kilo 44.

Tulipima mara ya pili. 44. Tukaenda kwenye mizani ya jirani, maana mizani za sokoni zina tabia zake. 44.

Wasomaji, kilo 6 kwa mtu mwenye duka si kitu. Kwa mama mwenye watoto watano kambini, kilo 6 ni siku ambazo watoto wanalala wameshiba. Wale wamama wakaanza kulia, halafu kilio kikageuka hasira, tukarudi wote nyumbani kwa mzee. Akatusikiliza. Akasema, "Wallahi, wanangu, sijalifungua gunia hilo, wala wajukuu zangu hawajaligusa." Na hapo ndipo sisi, watu wa kalamu na chaki, tuliojifanya tunajua kuhukumu, mmoja wetu akamjibu mbele ya wajukuu zake: "Mzee, kilo 6 hazina miguu." Hakuna aliyemkanya mwenzetu huyo, maana wote tulikuwa tunawaza vilevile. Mzee hakujibu tena. Aliinama akaangalia viatu vyake.

Aliyetutoa kwenye aibu hiyo ni mama mmoja muuza nafaka wa Ruvumera. Tuliporudi kuchukua gunia letu tulilomwachia, alikuwa amekwisha kulizunguka mara mbili akiliangalia. Akawauliza wamama wetu: "Siku mlipolinunua lilikuwa limejaa mpaka wapi?" Mpaka kwenye mshono. "Na leo limejaa mpaka wapi?" Wakatazama. Lilikuwa limeshuka vidole viwili tu, kama gunia lolote linavyotulia likikaa. "Na fundo?" Fundo la bluu lilikuwa palepale. Akacheka kidogo. "Sasa huyo ni mwizi gani, anaiba uzito na kuacha mahindi?"

Akafungua mdomo wa gunia, akatia mkono, akakoroga. Wakatoka. Vidudu vidogo vya rangi ya majani makavu, vinaruka ovyo ovyo kama vimelewa, vingine vikaanguka kwenye mikono yetu. Tukitazama vizuri tukaona ni nondo, wale jamaa wa kipepeo wanaozunguka taa usiku. (Msicheke, si nondo za kujengea nyumba. Kiswahili kimewapa jina moja mdudu na chuma.)

Kisha akafanya jambo ambalo tungelifanya sisi kama tungekumbuka tunachofundisha darasa la tano. Alichukua kopo la mafuta ya kula, lile la lita 4, akalijaza mahindi yake mazuri, akalisawazisha kwa kijiti. Bila kuhesabu uzito wa kopo lenyewe, kilo 2 na gramu 950. Akamwaga, akalijaza mahindi yetu, akasawazisha vilevile. Kilo 2 na gramu 680. Kopo lilelile, limejaa vilevile, lakini gramu 270 hazipo. Gunia letu linachukua makopo 17. Fanyeni hesabu: 270 mara 17 ni gramu 4,590, yaani kilo 4 na nusu na kitu. Hizo zilikuwa zimeliwa ndani ya punje, na maganda yakabaki yamesimama kama nyumba iliyohamwa.

Na ile kilo moja na gramu mia nne iliyobaki? Haki isemwe, hiyo hakula mtu wala mdudu. Mahindi ya mwezi wa tatu yanakuja sokoni mvua bado inanyesha, hayajakauka sawasawa. Miezi mitano pembeni mwa chumba cha Buyenzi, kwenye joto lile la kando ya ziwa, maji yalitoka taratibu. Mwenye kununua mahindi mabichi ananunua na maji, halafu maji yanakwenda zake.

Tuliporudi kambini tulitafuta kumjua huyu nondo vizuri zaidi. Jina lake la kisayansi ni Sitotroga cerealella. Sehemu ya kwanza imetoka kwenye Kigiriki, maana yake ni mtafunaji wa nafaka. Ni mdogo kweli: akitandaza mabawa yake hafiki hata sentimita 2, mara nyingi ni milimita 10 mpaka 16. Akitua anayakunja mabawa juu ya mgongo kama paa la nyumba, na hapo urefu wake ni kama wa punje ya mchele. Bawa la nyuma lina ncha iliyochongoka kama kidole kinachoonyesha njia, na pembeni limezungukwa na nywele ndefu laini. Ukimkamata anakuachia vumbi la rangi ya dhahabu kwenye vidole.

Sasa jambo la kushangaza. Huyo unayemwona akiruka hali mahindi yako. Hana meno ya kutafunia nafaka. Anaishi siku chache, wiki moja au mbili, na kazi yake ni moja tu: kutafuta mwenzake na kutaga. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mia moja hivi, wengine zaidi. Anayabandika juu ya punje au kwenye mianya kati ya punje. Mayai ni meupe, yakikaribia kuanguliwa yanakuwa mekundu, lakini ni madogo mno, huwezi kuyaona kama huna jicho la fundi saa.

Kwenye yai anatoka kiwavi mwembamba kama uzi. Anatoboa punje kwa tundu dogo ambalo jicho halilioni, anaingia, na kuanzia hapo hatoki tena mpaka awe nondo. Punje ile ndiyo chakula chake, ndiyo nyumba yake, ndiyo choo chake. Ngano inamtosha kiwavi mmoja. Punje ya mahindi, kwa kuwa ni kubwa, inaweza kukaa na wawili au hata watatu. Anakula moyo wa punje, ule wanga mweupe ambao ndio ugali wetu, anaacha ganda.

Akikaribia kukomaa anafanya kazi ya useremala ambayo ilitushangaza kuliko yote. Kiwavi ana meno, nondo hana. Kwa hiyo kiwavi anajua, kama tunaweza kusema anajua, kwamba akishageuka hataweza kutoboa ukuta. Basi anakula njia mpaka karibu na ganda la nje, analikwangua kwa ndani mpaka linabaki jembamba kama karatasi, analikata duara lakini halimalizi. Kinabaki kidirisha. Halafu anarudi nyuma, anajifunga uzi kama wa hariri, anageuka pupa. Siku ya kutoka nondo anasukuma kile kidirisha kwa kichwa tu, kinafunguka kama mlango mdogo, anatoka. Mkiokota punje yenye tundu la duara safi, tazameni ukingoni: mara nyingi kile kifuniko bado kinaning'inia.

Kwa hiyo, wapendwa, tundu mnaloliona kwenye punje si mahali mdudu alipoingilia. Ni mahali alipotokea. Kazi imekwisha siku nyingi. Kutoka yai mpaka nondo ni kama wiki tano mpaka saba kwenye joto la Bujumbura. Huku kwetu milimani kwenye baridi anachelewa zaidi. Sisi tuliposema "mahindi haya ni mazima, hayana tundu", tulikuwa tunatazama mlango uliofungwa tukadhani nyumba haina watu.

Ili tuhakikishe tulifanya jaribio na wanafunzi. Tulichukua mahindi ya lile gunia, tukawaambia wachague punje 100 zisizo na tundu hata moja, nzuri kabisa, ambazo mama yeyote angezitia sufuriani bila wasiwasi. Tukazitia kwenye chupa ya plastiki, tukafunga mdomo kwa kitambaa, tukaiweka dirishani. Wiki ya kwanza walitoka nondo watatu. Wiki ya pili wanne. Mpaka mwisho wa wiki ya nne wametoka 19. Kulikuwa na kijana wa nyuma kabisa, ambaye hajawahi kuuliza swali tangu aje darasani. Siku hiyo aliuliza: "Mwalimu, kwa hiyo jana tulikula wangapi?" Darasa likacheka nusu saa. Tulimjibu kweli: pengine wengi, na hawana sumu. Kiwavi aliyepikwa hana madhara. Madhara ni kwamba alikula yeye kwanza.

Wanafunzi wakubwa tuliwapa hesabu nyingine. Tuseme jike mmoja ametaga mayai 100, na tuseme katika kila kumi tisa wanakufa. Wanabaki 10, nusu yao majike, yaani 5. Kizazi cha pili 25, cha tatu 125, cha nne 625. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwezi wa nane vizazi vinne vinapita. Hiyo ni hesabu ya mfano tu, lakini inaonyesha kwa nini mwezi wa tano mtu anafungua gunia anaona nondo wawili, anapuuza, na mwezi wa nane analia.

Tena mdudu huyu si mgeni wala si wa maskini peke yao. Ufaransa, katika jimbo lililoitwa Angoumois, karibu na mji wa Angoulême, aliharibu ngano ya wakulima miaka mingi katika karne ya 18. Mtaalamu Réaumur alikuwa amekwisha kumweleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1736. Uharibifu ulipozidi, mwaka 1760 Akademia ya Sayansi ya Paris iliwatuma wataalamu wawili, Duhamel du Monceau na Tillet, wakamchunguze huko huko mashambani. Waliandika kitabu kizima juu yake, kikatoka mwaka 1762. Hawakuwa na dawa. Walichokiona ni kwamba joto linamuua kiwavi ndani ya punje, wakafundisha watu kupitisha ngano kwenye tanuri, hata tanuri za mikate. Sehemu ya pili ya jina lake la kisayansi aliipata kwa Olivier mwaka 1789, na mpaka leo kwa Kiingereza anaitwa nondo wa nafaka wa Angoumois. Yaani jimbo lile linakumbukwa dunia nzima kwa mdudu. Sisi hatungependa.

Kuna wanaomfuga kwa makusudi pia! Katika nchi nyingi wanamlea kwenye viwanda kwa mamilioni, kwa sababu ya mayai yake. Kuna kinyigu kidogo sana, kidogo kuliko nukta mwisho wa sentensi hii, kinachoitwa Trichogramma. Kinataga ndani ya mayai ya nondo wengine, hata wa wale viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi shambani, na mayai hayo hayatoi kiwavi tena. Ili kuvipata vinyigu vingi wanavilea juu ya mayai ya nondo wetu huyu, halafu wanavipeleka mashambani.

Msimchanganye na wenzake wa gunia. Fukusi ni yule mweusi mwenye pua ndefu, anatembea, harukiruki kwenye taa. Dumuzi ni mwingine, mfupi mnene kama risasi, na anaacha unga mwingi kama umepita mashine. Huyo alitoka Amerika, akaonekana Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970, na Watanzania wengine walimwita Scania, jina la lori. Nondo wetu ni mstaarabu zaidi: unga kidogo, tundu la duara, kifuniko. Lakini katika gunia moja mnaweza kuwakuta wote, wamekaa kama wapangaji wa nyumba moja Bwiza.

Turudi Buyenzi. Siku ileile tulikwenda tena kwa mzee, wamama wakiwa mbele. Walipiga magoti wakamshika miguu. Sisi walimu tulisimama mlangoni, na tunakiri kwamba kusema "tusamehe" kulikuwa kugumu kuliko kubeba gunia. Mzee akasema, "Yamekwisha, wanangu. Lakini ingieni muone kitu." Akatupeleka kwenye ile pembe ya chumba. Kando ya mahali gunia lilipokuwa, kulikuwa na kapu lake la mtama, mtama wa uji wa wajukuu. Akalitikisa. Wakaruka nondo walewale. Nondo huyu anakula mtama pia, na mpunga, na ngano.

Na alikuwa ametoka wapi? Si nyumbani kwa mzee. Nondo hutaga hata shambani, kwenye mahindi yaliyokomaa yakiwa bado kwenye mabua, hasa kama maganda yamefunguka kwenye ncha. Viwavi walikuwa wamekwisha kuingia punjeni kabla gunia halijashonwa, kabla ya uzi wa bluu. Wamama wetu ndio walimletea, bila kujua, na mzee aliyetukanwa kwa wizi ndiye aliyepoteza mtama. Tulishinda mchana mzima uani kwake tukianika na kupepeta. Karibu nusu ya kapu ilikwenda kwa kuku wa jirani. Wamama walimpimia makopo matatu ya mahindi yaliyo mazima. Alipokea moja, mawili akayarudisha.

Sasa tuseme tunachofanya sisi nyumbani tangu siku hiyo, maana wengi mmetuuliza. Ukipata mahindi ya punje, yawe ya mgao au ya sokoni, usiyaweke pembeni kungoja wiki ijayo. Siku hiyohiyo yamwage kwenye shitingi, yapepete, toa vipande vilivyovunjika na vumbi. Chota mkono mmoja utie majini: punje zilizoliwa ndani zinaelea. Kama zinaelea nyingi, usijidanganye, anza kula gunia hilo kwanza. Halafu anika juani saa za mchana mkali, safu nyembamba, si rundo. Kama una nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, funika juu, joto linazidi na viwavi wanakufa ndani ya punje. Ya kupanda usiyafunike hivyo, yanaweza kukataa kuota. Yakitoka juani yaache yapoe kabisa kabla ya kuyafungia. Yakifungwa na moto yanatoa jasho, na jasho linaleta kuvu, na mahindi yenye kuvu yana sumu ambayo hata moto wa jikoni hauiondoi. Heri nondo kuliko kuvu.

Kujua kama yamekauka kuna njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana na kioo, bado kuna maji, rudisha juani.

Kisha bidoni. Bidoni ya maji iliyooshwa na kukauka kabisa, si iliyobeba mafuta ya gari wala dawa. Jaza mpaka mdomoni, gongagonga ishuke, ongeza tena, weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko, kaza sana. Wadudu waliomo wanavuta pumzi, hewa inakwisha, wanakufa wenyewe. Hakuna dawa, hakuna faranga. Lakini usiifungue kila siku kuchungulia. Tenga mahindi ya kula wiki hii kwenye chombo kingine, na bidoni iache angalau mwezi. Kuna mifuko maalumu ya tabaka tatu inayofanya kazi hiyohiyo, ilianza kutengenezwa kwa ajili ya kunde huko Cameroon miaka ya 1980. Ukiipata ni nzuri, ila bidoni unayo tayari.

Kama ni lazima kutumia gunia, lijaze lishibe, lishone, liinue juu ya mbao. Tulipomwaga gunia letu kwenye shitingi tuliona mahindi ya pembeni na ya juu yameliwa vibaya, na ya katikati yana nafuu. Nondo huyu ni dhaifu, hawezi kujipenyeza chini kati ya punje zilizobanana. Gunia nusu lililo wazi ni karamu kwake. Mahindi ya mabua yaliyotundikwa nayo anayafikia yote, ndiyo maana ni afadhali kupukusa mapema yakishakauka.

Na jambo moja tunaliandika kwa sauti kubwa. Kuna vidonge vya ghalani vinauzwa kimojakimoja sokoni, vinatoa gesi vikipata unyevu wa hewa. Gesi hiyo inaua fukusi na inaua binadamu. Imekwisha kuua watu waliolala chumba kimoja na magunia. Sisi wote hapa tunalala chumba kimoja na chakula chetu. Hata ukipewa bure, kataa.

Mama mmoja ametuuliza kama mahindi yaliyokwisha kutobolewa yatupwe. Hapana. Pepeta, osha, yanayoelea wape kuku, mengine saga. Unga wake utakuwa mchache na ladha si ileile, harufu imeingia. Ila yenye kuvu ya kijani au nyeusi usiwape hata kuku.

Gunia la wale wamama limegawanywa: bidoni moja kila mmoja, kinachobaki wanakula sasa. Fundo la bluu wamelikata wakatupa sisi, limefungwa kwenye shingo ya ile chupa ya darasani. Chupa bado iko dirishani. Wanaotaka kuiona waje mchana, baada ya masomo, na tafadhali wasiifungue.